Mama Awamu na Chuo cha Sokoni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi bila kuomba bajeti ya nyongeza, tunaanza. Shukrani zote ni Zake, kwa kutujalia uhai na afya hata tukakutana ukumbini humu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, watumishi wa ngazi zote, na ninyi jamaa wa mstaafu mliotuazima mama yenu kwa muda mrefu kuliko tulivyoahidi: amani iwe juu yenu, na iwafikie pia mliowaacha nyumbani.

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, Afisa Mipango wetu Mkuu atakabidhi funguo za ofisi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika halmashauri hii. Wajuao kazi zetu watatambua kwamba siku hiyo ndiyo siku mwaka wa fedha unapofungwa. Wengine husema ni sadfa. Mwenyewe husema kwamba Mola ameamua kumfunga pamoja na vitabu vya hesabu, naye anaomba jambo moja tu, asije akaandikwa kama bakaa, lile salio linalorudishwa hazina.

Jina lake halisi limo katika orodha ya mishahara na katika dua za mumewe. Sisi wengine tunamjua kwa jina la Mama Awamu. Jina hilo alilipata mapema, katika siku ambazo ujumbe wa wazee ulikuwa ukiingia ofisini kwake kila baada ya ujumbe mwingine kutoka. Hawa wanataka zahanati, wale wanataka ukumbi, na wengine wanataka uwanja wa mpira wenye taa na uzio. Yeye aliwasikiliza wote, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akasema kwa upole: «Tutafika, wazee wangu. Kwa awamu.» Mtu aliingia akidai hospitali nzima, akatoka akishukuru kwa shimo la msingi.

Nyumbani nako hakuacha kazi mlangoni. Posa ya binti yake wa pili ilipokuja, upande wa bwana harusi uliomba kulipa mahari kidogo kidogo. Wajomba wakanuna. Mama Awamu alikubali mara moja, ila aliwataka walete taarifa ya utekelezaji kila robo mwaka. Mkwe huyo, ambaye tunaye hapa leo, hadi sasa akimwona mama mkwe wake hujikuta amesimama wima kama mkandarasi aliyechelewesha kazi. Naye mumewe, fundi seremala mstahiki, alipata kusema mbele yetu kwamba katika maisha yao ya ndoa hajawahi kukataliwa jambo hata moja. Yote yapo kwenye mpango.

Ofisi yake ni chumba cha mwisho cha korido, kinachopakana na stoo ya saruji, kwa hiyo kila faili lililopita mkononi mwake lilitoka na vumbi la kijivu, na wahasibu walilitambua kabla ya kulisoma. Ukutani ipo ramani ya eneo letu, imechomwa pini za rangi tatu: nyekundu kwa kilichoahidiwa, njano kwa kilichoanzwa, kijani kwa kilichokamilika. Alipoikuta, ramani ile ilifanana na mtoto mwenye surua. Leo, kwa rehema za Mungu, imechipuka kijani pande nyingi, ingawa hatutasema kwamba surua imekwisha.

Ni haki pia kukumbuka swali lake, kwa kuwa swali hilo limewatoa jasho watu wazito. Kila mradi ulipofikishwa mezani, michoro ikiwa imekunjuliwa na mhandisi akiwa amekwisha koroga chai ya kujipongeza, Mama Awamu aliuliza: «Nani atafagia?» Mwanzoni walidhani anafanya utani. Alikuwa amejifunza kwa machungu. Kata moja ilijengewa zahanati nzuri, yenye vigae na veranda, ikakabidhiwa kwa ngoma na hotuba, na siku iliyofuata ikagundulika kwamba hakuna aliyekuwa ameomba fedha za muuguzi, wala za mlinzi, wala za maji. Mbuzi wa jirani waliingia wakakaa msimu mzima. Yasemekana walinawiri. Tangu hapo hakuna mradi uliovuka meza yake kabla ya kueleza utafagiwa na nani, utalindwa na nani, na taa zake zitalipiwa na nani. Wapo waliomwita mkwamishaji. Hao hao, majengo yao yalipodumu, walisema ndio walioshauri.

Lakini, ndugu zangu, mkiona watu wameanza kutabasamu kabla ya wakati, jueni wanakingoja kisa cha soko. Tukisimulie basi, kwa idhini ya wahusika, na Mwenyezi Mungu atusamehe kicheko.

Mpango wetu, kama mjuavyo, huanzia chini. Mtaa huomba, kata huchuja, wataalamu hukadiria, baraza hupitisha. Mwaka wa kisa hiki, mitaa mingine ilileta maombi marefu kama mikeka. Mtaa wa soko ulileta neno moja: choo. Aliyesimama kulisema alikuwa muuza mboga wa meza ya kona, anayeitwa na soko zima Bibi Mchicha. Alieleza bila kupamba. Soko lile halikuwa na choo tangu kile cha zamani kilipotitia kwa mvua. Wanaume walijua pa kujibanza. Wanawake hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo yeye tangu anapopanga mafungu yake alfajiri mpaka anapoyafunika jioni alikuwa hagusi hata tone la maji. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia figo zimeanza kulalamika, achague kati ya kunywa maji na kuacha soko.

«Sasa nikinywa, niende wapi?» aliuliza Bibi Mchicha katika mkutano ule. «Na nikiacha, wajukuu zangu wale nini? Wanangu wameshasema, msimu huu ukiisha bila choo wanakuja kuibeba meza.»

Watu wote waligeuka kumtazama Mama Awamu, wakilingoja lile neno lake. Hakulisema. Alisema: «Choo hakijengwi kwa awamu, mama yangu. Nusu ya choo ni aibu.» Akaandika.

Makadirio yalipigwa, wauzaji wa soko wenyewe wakakubaliana namna ya kumlipa mfagiaji, na mradi ukaenda kuchapwa. Ndipo mtihani ulipoingia. Binti wa kwanza wa Mama Awamu alishikwa na uchungu wa uzazi, na mama akaomba ruhusa kwenda kumhudumia. Rasimu ikachapwa bila jicho lake. Mahali palipostahili kuandikwa choo, pakaandikwa chuo. Mchapaji wetu, mtu mcha Mungu na mkweli, aliapa na anaapa mpaka leo kwamba yeye aliandika sawasawa, na kwamba kompyuta ndiyo iliyoona haya.

Hivyo basi, baraza tukufu, likiwa limechoka na jua likielekea kuzama, lilisomewa: «Ujenzi wa chuo cha umma, eneo la soko, matundu kumi, wanawake sita, wanaume manne.» Diwani mmoja mgeni aliuliza matundu ni nini katika chuo. Diwani wa kata ya soko alimjibu kwa kujiamini kwamba matundu ni madirisha, kwa lugha ya kihandisi. Walioafiki wakasema ndiyo. Ikapita.

Diwani huyo, ambaye leo ameketi safu ya mbele na ametupa ruhusa ya kumsimulia mradi tusimpunguzie sifa, huitwa Mheshimiwa Kipaza, kwa mapenzi yake makubwa kwa vipaza sauti. Kabla kalamu za baraza hazijapoa, alikwisha kulizunguka soko na gari la matangazo: amewaletea chuo! Wazazi walimshika mkono. Vijana walifika nyumbani kwake na vyeti ndani ya bahasha. Shemeji yake akaanza kuvaa tai, akijiandaa kuwa mkuu wa chuo. Bibi Mchicha alikaa mezani pake akisikiliza tangazo lile mpaka likapotea njiani, kisha akamuuliza muuza nyanya wa jirani: «Hicho chuo, mwenzangu, kina choo?»

Mama Awamu aliporudi na habari njema ya mjukuu, alisoma ukurasa ule mara mbili. Hakumgombeza mtu. Alivaa mtandio wake akaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa Kipaza.

«Mheshimiwa, kuna o yetu imegeuka u.»

«Mama, iache ilivyogeuka.»

«Fedha ile ni ya choo. Ukijengea chuo, utapata msingi na kibao.»

«Basi tuanze na msingi na kibao. Si wewe mwenyewe unayetufundisha kwa awamu?»

Alichozidi kusema Mheshimiwa Kipaza ni neno la kweli pia, na ni vizuri likumbukwe: «Mama, mimi nimewaahidi watu elimu. Nitasimamaje juu ya gari lile lile niwaambie nimekosea, nawaletea choo? Watanicheka mpaka kaburini.»

Basi hapo ndipo lilipokuwa fundo. Baraza likishapitisha, ni baraza tu linaloweza kubadilisha. Kikao kilichobaki kabla ya kufunga mwaka kilikuwa kimoja. Kikipita bila marekebisho, fedha ingerudi hazina, soko lingerudi mwisho wa foleni, na wana wa Bibi Mchicha wangekuja kuibeba meza. Na katika baraza, diwani akisimama kutetea mradi wa kata yake, wenzake humwachia, maana kesho ni zamu yao.

Mama Awamu alizipekua kanuni za baraza kwa siku kadhaa. Kisha alimwendea Mheshimiwa Mwenyekiti na pendekezo ambalo hakuna mcha Mungu angeweza kulipinga. Kwa kuwa wananchi wana haki ya kushirikishwa, na kwa kuwa kanuni zinaruhusu baraza kuketi popote ndani ya eneo lake, kwa nini kikao hiki kisifanyike kule kule sokoni, chini ya banda kuu, mbele ya watu? Mwenyekiti alipendezwa. Mheshimiwa Kipaza alipendezwa zaidi: kata yake, watu wake, na kipaza sauti chake.

Maandalizi aliyasimamia Mama Awamu mwenyewe. Banda lilifagiwa, viti vikapangwa, meza ikatandikwa kitambaa. Kuhusu viburudisho, alisema ni fedheha kuwaacha waheshimiwa wakauke koo katika joto lile. Yaliletwa mabirika makubwa ya chai. Zikaletwa chupa za maji baridi. Yakaletwa, kutoka meza za soko lenyewe, matikiti maji mekundu yaliyokatwa vipande vya ukarimu. Bibi Mchicha na wenzake wakawa wenyeji. Kikombe cha mheshimiwa kilipofika nusu, kilijazwa. Aliyesema «basi, mama» aliambiwa «baba, mgeni hakatai», akanywa.

Aliyepewa heshima ya kufungua kikao kwa dua aliombwa na Mama Awamu asifupishe. Naye hakufupisha. Aliwaombea viongozi, mvua, wagonjwa, wasafiri, na wote waliotangulia mbele ya haki, kwa mpangilio.

Ajenda zikafuata. Barabara ya kata ya mbali. Uzio wa shule. Marekebisho ya ada ya machinjio, ambayo yana vifungu vingi. Suala la soko, kwa bahati, lilikuwa limepangwa mwisho. Wakati machinjio yanaingia kifungu kidogo cha nne, diwani mnene wa kata ya juu aliinama pembeni kwa Bibi Mchicha.

«Mama, samahani. Huku kwenu mtu akitaka kujisaidia, anaelekea wapi?»

«Mheshimiwa mwanangu, hatuelekei. Tunasubiri.»

«Mnasubiri mpaka saa ngapi?»

«Mpaka nyumbani.»

Diwani alikaa wima. Neno likapita kwenye safu kama upepo kwenye nyasi. Waheshimiwa walianza kukunja miguu, wakaikunjua, wakaikunja upande wa pili. Mmoja alisimama kwa taarifa, akasahau taarifa, akabaki amesimama kwa kuwa kusimama kulimfaa. Mwingine alikiona kichaka kando ya banda, akakitazama kwa matumaini, kisha akawaona wapiga kura wake waliokizunguka. Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu wa subira tunayemheshimu, alianza kusoma vifungu kwa mwendo ambao haukuwahi kusikika katika historia ya baraza. Ni Mama Awamu peke yake aliyekuwa ametulia. Asubuhi ile hakuwa amekunywa kitu.

Ikafika ajenda ya soko. Mheshimiwa Kipaza alishika kipaza sauti. Alikuwa amekunywa kuliko wote, kwa kuwa wenyeji walimpenda kuliko wote. Alianza vizuri: elimu ni nuru, elimu ni ufunguo. Kufikia ufunguo sauti yake ilikuwa imepanda. Aliwatazama vijana wenye bahasha, akawatazama wanawake waliosimama nyuma ya meza zao, na macho yake yakakutana na ya Bibi Mchicha, aliyekuwa ameshika birika. Shahidi ni Mungu, hakukuwa na kejeli katika uso wa bibi yule. Alimwambia kwa huruma, kama mama kwa mtoto: «Pole, baba. Sisi tumezoea.»

Mheshimiwa Kipaza aliiacha elimu njiani. Kisha alisema maneno ambayo yamo katika kumbukumbu zetu rasmi.

«Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja. Katika mradi huu kuna herufi moja imekosewa.»

«Herufi gani, Mheshimiwa?»

«U iwe o.»

«Toa maelezo.»

«Mheshimiwa Mwenyekiti, maelezo nitatoa nikirudi.»

Hoja iliungwa mkono na baraza zima, wakiwa wamesimama. Ilipitishwa kwa ndiyo moja kubwa, na kabla ya mwangwi wake kuisha waheshimiwa walikuwa wanavuka barabara kuelekea kituo cha mafuta, ambacho choo chake hakifunguliwi ila kwa waheshimiwa, kwa mwendo wa heshima mpaka kwenye kona, na baada ya kona kila mtu kwa alivyojaliwa.

Wengi wamemuuliza Mama Awamu iwapo alikusudia. Jibu lake halijabadilika: «Mimi nilikirimu wageni.» Hatuwezi kumpinga, maana ukarimu ni ibada.

Kilichofanyika baada ya pale hakichekeshi, nacho ndicho kipimo cha mtu huyu. Hakumwacha Mheshimiwa Kipaza peke yake na aibu. Alipanda naye juu ya gari la matangazo, akashika kipaza yeye, akawaambia wananchi kwamba kosa lilitoka ofisini kwake, na kwamba diwani wao ndiye aliyeligundua na kulirekebisha. Kisha aliwafuata wazazi wa vijana wale wenye vyeti, nyumba kwa nyumba, akaketi kwenye vibaraza vyao akasikiliza. Chuo cha ufundi kiliingia katika mpango wa mwaka uliofuata kwa njia yake halali, kikiwa na kiwanja, walimu na mfagiaji. Rasimu ile ilikaguliwa na watu watatu, herufi kwa herufi, kwa hofu ya kujikuta tumejenga choo cha ufundi chenye karakana mbili. Leo kimeezekwa. Shemeji ameombwa atume maombi kama wengine.

Choo cha soko kilikamilika kwa wakati, matundu kumi, maji yakitoka. Siku ya ufunguzi Mheshimiwa Kipaza alikata utepe na kueleza jinsi alivyokipigania tangu mwanzo, na Mama Awamu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Hotuba ilikuwa bado inaendelea pale Bibi Mchicha alipoinuka kwenye meza yake ya kona. Ilikuwa asubuhi, mafungu yake hayajapungua. Alichukua kopo kubwa, akalijaza maji mpaka ukingoni, akalinywa lote mbele ya umati, polepole, bila kushusha. Hotuba ikakatika. Alipangusa mdomo kwa ncha ya khanga, akafunga mkaja wake vizuri, akawatazama waheshimiwa waliojipanga mlangoni.

«Nipisheni, wanangu,» alisema. «Naenda chuoni.»

Ndiyo maana mgeni akifika soko letu hushangaa kuona wafanyabiashara wenye hamu ya elimu namna ile. Kila mmoja humwomba jirani amwangalizie meza, anakwenda chuo mara moja. Bibi Mchicha yupo bado mezani kwake. Figo zake, kwa uwezo wa Mungu, zimenyamaza. Ametutumia salamu kwamba hakuweza kuhudhuria leo kwa kuwa ni siku ya soko, na kwamba Mama Awamu apite kuchukua mboga zake, asijisumbue kuja na pochi.

Ewe dada yetu katika utumishi, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba haja ya mtu mnyonge ikisikilizwa kwa makini hupata njia, na kwamba inawezekana kushinda hoja bila kumvunjia mtu heshima. Ulipokosolewa hukununa, uliposifiwa hukuvimba. Tuliokukosea kwa neno au kwa kuchelewesha takwimu, tunaomba radhi. Pumzika sasa kwa mumeo na wajukuu zako; tunakuombea siku zako zijazo ziwe na afya, utulivu, na wageni wema.

Na wewe uliyeyasikiliza au kuyasoma maneno haya mpaka hapa, Mola akuhifadhi pamoja na watu wa nyumba yako. Awaponye wagonjwa wenu, awape wazee wenu nguvu na watoto wenu adabu, aibariki riziki inayoingia mlangoni kwenu, na awajaalie kila siku kumwona jirani kabla hajaomba. Amina.